Mtu akikutwa na mbuzi ni mgonjwa ama ni mhalifu tu? Naombeni msaada

Adima_Arua
Habari zenu ndugu. Mi niko mwaka wa pili nasoma saikolojia hapa Kampala, kwetu ni upande wa Arua. Juzi jirani yetu, mwanaume wa miaka 30 na kitu, amekutwa bandani akifanya ngono na mbuzi wa watu, wakampiga karibu wamuue ndio polisi wakaja wakamchukua. Mama yake akanipigia simu, "mwanangu wewe unasoma haya, ni ugonjwa ama amerogwa?" nikakosa jibu. Kitabu kimoja kinasema zoofilia (tamaa ya kingono kwa wanyama) ni ugonjwa kamili, kingine hata hakiitaji vizuri. Nishike kipi?

Dada_Nesi
Bambi pole. Angalia mwaka wa kitabu kwanza. DSM, ile orodha ya Wamarekani ya magonjwa ya akili, ya 1980 iliipa zoofilia jina lake, halafu 1987 wakaiingiza kwenye kapu la "nyinginezo" wakisema ikiwa peke yake karibu haiwi tatizo la kliniki, na mpaka leo iko kwenye kapu hilo. Ya 2013 ikatenganisha mvuto na ugonjwa, yaani lazima hali idumu kama miezi 6 na imtese mtu au iharibu maisha yake au iumize wengine. Kwa hiyo tendo la usiku mmoja halikwambii kitu kuhusu tamaa yake, hata Krafft-Ebing, daktari wa akili wa karne ya 19, aliwatenga wanaofanya kwa sababu ya mazingira na wale wenye ugonjwa wenyewe.

Msomaji_Jinja
Ni kweli, Kinsey, mtafiti wa mambo ya ngono, 1948 alipata kama 8% ya wanaume Wamarekani waliwahi kufanya angalau mara moja na waliokulia mashambani walizidi sana, ila watu wake hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu kwa hiyo usiibebe hiyo namba kama ilivyo. Kuna pia daktari Aggrawal wa India, 2011 aligawa watu hawa mafungu 10, kuanzia anayeigiza mnyama na mwenzake mpaka asiyetaka mwingine ila mnyama, na humo yumo hata anayeua mnyama. Mi sipendi sana ule mgawanyo, anayewaza tu anapangwa kwenye orodha moja na muuaji, lakini fungu lake la wanaofanya kwa sababu nafasi imejitokeza linasaidia.

Fundi_wa_Mifugo
Samahani ssebo lakini mnamsahau mbuzi. Mi natibu mifugo, nimeshashika mbuzi ukimgusa mgongo tu anatetemeka miguu yote na mwenye mbuzi anasema hajui kimetokea nini. Piers Beirne, msomi wa mambo ya uhalifu, 1997 aliandika kwamba hii ni shambulio la kingono kwa sababu mnyama hawezi kukubali, na ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, imeweka wanyama kwenye fungu la wasioweza kutoa ridhaa. Hapo ndio naona wamepata.

Adima_Arua
Asanteni, na wewe fundi umenigusa. Nimempigia tena mama yake, anasema tangu kaka yake afe huyu halali, anaongea peke yake usiku, na zamani hakuwa na mambo haya kabisa.

Dada_Nesi
Basi Adima achana na jina la zoofilia kwanza, hayo ya kutolala na kuongea peke yake ndio ya kufuatilia. Sheria yetu hapa inaweza kumpa kifungo cha maisha, kwa hiyo mama amuone wakili leo leo aombe apimwe na daktari wa akili kabla kesi haijaanza, na aandike tarehe alipoanza kukosa usingizi.