Vitoto vya mbuzi vinakufa kila kiangazi: je, beberu atengwe na majike, na arudishwe mwezi gani?

Mwalimu wa Chilonwa

Mbukwenyi ndugu wafugaji. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Chilonwa wilayani Chamwino, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikifuga mbuzi na kondoo wa kienyeji katika shamba dogo la ekari tano. Nina majike 17 ya mbuzi na majike manane ya kondoo, pamoja na beberu mmoja na dume moja la kondoo, na wote hulala katika banda moja la miti. Asubuhi hawatoki kabla ya saa tatu, umande ukishakauka. Huchungwa na kijana wa nyumbani hadi saa kumi na moja jioni, na mchana hunywa maji kwenye lambo la kijiji. Lambo hilo hukauka kila mwaka ifikapo Septemba, na kuanzia hapo tunawanywesha kisimani kwa ndoo.

Kwa kuwa tabia ya kuandika haijaniacha, kila mbuzi anayezaa namwandika kwenye daftari. Mwaka uliopita, kati ya Oktoba na Novemba, vilizaliwa vitoto 11 vya mbuzi na vikafa sita, vyote kabla ya kufikisha wiki tatu. Kondoo katika kipindi hicho walizaa wanne, akafa mmoja. Wale waliozaliwa Januari na Februari, ambao hawakuzidi watano, wote wako hai na wamenenepa. Mama zao wale waliokufa hawakuwa na maziwa ya kutosha. Kiwele kilikuwa kama mfuko mtupu, na wawili walikataa kabisa kunyonyesha. Majirani wananiambia kwamba ndivyo kiangazi kilivyo na kwamba hakuna la kufanya, lakini daftari langu linaniambia vingine.

Swali langu ni hili: je, nimtenge beberu ili mbuzi wasizae wakati wa njaa? Na kama ni hivyo, nimrudishe mwezi gani?

Babu wa Kongwa

Mwalimu, nakupongeza kwa hilo daftari, kwa sababu wengi wetu tunahesabu mbuzi waliopo na kuwasahau waliokufa.

Hebu rudi nyuma miezi mitano kutoka Oktoba na Novemba, utafika Mei na Juni. Huo ndio wakati mvua zimekwisha, majani bado yamejaa, mbuzi wamenenepa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na kwa hiyo karibu wote huingia joto kwa pamoja. Beberu akiwa ndani ya kundi hawezi kukosea. Mbuzi anabeba mimba akiwa ameshiba, halafu mimba inakua huku malisho yanapungua, na anazaa kwenye miezi ambayo mti wenyewe umebaki na miiba tu. Kwa hiyo kiangazi hakina lawama hapo. Mwenye lawama ni beberu, au tuseme sisi tunaomwacha azurure mwaka mzima.

Mimi humfungia beberu wangu tangu Aprili na kumrudisha kundini kuanzia tarehe 25 Agosti hadi tarehe 10 Oktoba, kisha namtoa tena. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, ukizidisha au ukipunguza siku chache, kwa hiyo vitoto huzaliwa kati ya Januari 22 na wiki ya pili ya Machi, wakati huku kwetu majani ni mabichi kila upande. Siku hizo 46 zinatosha, kwa sababu jike lisiposhika mimba huingia joto tena baada ya siku 21 hivi, na kondoo baada ya siku 17, kwa hiyo kila mmoja anapata nafasi zaidi ya moja. Anayekosa mara zote huyo ni wa kupelekwa mnadani.

Chunguza pia umri wa beberu wako na mahali alipotoka. Kama alizaliwa humo humo bandani, anawapanda dada zake na mama yake, na vitoto dhaifu huweza kutokana na hilo pia. Badilisha na mfugaji wa kijiji kingine kila baada ya miaka miwili.

Bwana Mifugo Mstaafu

Nakubaliana na Babu kuhusu kalenda, lakini naomba tusimwache Mwalimu na kalenda peke yake. Anao majike ambayo huenda yana mimba sasa hivi, na hayo hayawezi kusubiri Agosti.

Sehemu kubwa ya ukuaji wa kitoto tumboni hutokea katika wiki sita za mwisho. Jike lisipopata chakula cha ziada wakati huo, kitoto huzaliwa kidogo na dhaifu, na kiwele hakijai. Robo kilo ya pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti, kwa kila jike kwa siku, inatosha kuleta tofauti utakayoiona kwa macho. Ukiwa na majike 17 kwa siku 42, hiyo ni takriban kilo 180, nao ni mzigo unaoweza kuununua kidogo kidogo wakati wa mavuno, kabla bei haijapanda. Usiwape wote kwa pamoja kwenye beseni moja, kwa sababu wenye nguvu watakula na wenye mimba watabaki wakitazama.

Jambo la pili ni dang'a. Mwalimu hakusema kama vitoto vile vilinyonya maziwa ya kwanza, na hili ndilo swali ambalo ningeuliza kabla ya yote. Kitoto cha mbuzi huzaliwa bila kinga ya kutosha. Kinga yake yote ya mwanzo iko ndani ya dang'a, na uwezo wa utumbo wake kuipokea hupungua kila saa inayopita, hadi siku ya pili ambapo karibu umekwisha. Kinyonye ndani ya saa moja au mbili. Jike likikataa, mtu mmoja alishike mguu wa nyuma na mwingine aweke kitoto kwenye chuchu; likiwa halina maziwa kabisa, kamua dang'a ya jike lingine lililozaa siku hiyo hiyo, na umnyweshe kitoto kwa chupa kidogo kidogo. Kitovu kipakwe iodini mara tu baada ya kuzaliwa.

Kuhusu minyoo, usisubiri kuhara. Mnyoo mbaya zaidi kwa mbuzi na kondoo hunyonya damu, na wengi hufa bila kuhara kabisa. Funua kope la chini la jicho: likiwa jekundu, mnyama yuko salama, likiwa jeupe kama karatasi, mpe dawa siku hiyo hiyo. Kuwapa wote dawa kila mwezi bila kutazama ni njia ya haraka ya kuwafundisha minyoo kuizoea dawa. Ukitumia albendazoli, usimpe jike lililo katika mwezi wa kwanza wa mimba.

Mwisho, muulize afisa mifugo wa kata yako kuhusu chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo na ile ya homa ya mapafu ya mbuzi. Ya kwanza hukinga kwa miaka mitatu au zaidi, ya pili inahitaji kurudiwa kila mwaka.

Mama Haubi

Shikamoo Babu, shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ninaandika kutoka Kondoa, na nina neno moja la kupingana na Babu, kwa heshima.

Kwanza niseme ninatoka wapi. Huku kwetu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililokuwa limemomonyoka, kwa hiyo waliorudia kufuga baadaye walijifunza kufuga bandani na kumpelekea mnyama chakula. Ukiwa unabeba majani kichwani kila siku, unajua thamani ya kila mwezi.

Mimi humrudisha beberu katikati ya Julai, vitoto vikazaliwa kuanzia katikati ya Desemba. Sababu yangu ni kwamba kitoto cha Desemba huachishwa kunyonya mwezi Aprili, majani yakiwa bado yapo, ilhali kitoto cha Machi huachishwa Juni au Julai na kukutana na kiangazi kikiwa kichanga. Huyo haoni maziwa wala majani. Tena mbuzi wa Julai bado ana mafuta ya mwisho wa mvua, hahitaji kunenepeshwa ili ashike mimba, lakini wa Septemba anahitaji.

Hatari ya njia yangu ni mvua kuchelewa, naijua. Ndiyo maana mimi huvuna majani ya karanga. Mkishang'oa karanga msiyaache shambani yaliwe na ng'ombe wa watu; yakusanyeni yakiwa bado yana ukijani, yakausheni kivulini na kuyaweka juu ya dari ya banda. Majani ya kunde vivyo hivyo. Yaliyoota ukungu tupeni, kwa sababu sumukuvu haichagui, na sisi wa Dodoma na wenzetu wa Manyara hatujasahau mahindi yaliyoua watu mwaka 2016. Maganda ya migunga yanayodondoka kiangazi nayo yaokotwe, mbuzi huyapenda kuliko mashudu.

Na anayezalisha wakati wa mvua, awe wa Desemba au wa Februari, atengeneze kichanja. Sakafu ya udongo iliyolowa mkojo na mvua itaua vitoto kwa kikohozi wakati majani yamejaa nje, na mfugaji atabaki akishangaa. Mbao au fito zilizoachana kidogo, zimeinuliwa futi mbili, samadi ikidondoka chini: hiyo imeniokolea vitoto vingi kuliko dawa yoyote.

Babu wa Kongwa

Marahaba mama. Hoja ya kuachisha kunyonya nimeipokea. Sikuwahi kuihesabu upande huo. Kwa mwenye majani ya karanga darini, Julai ni bora. Kwa asiye na akiba yoyote, bado nasema Agosti mwishoni, kwa sababu Desemba ya hapa kwetu mvua inaweza kuahidi na isije.

Mwalimu wa Chilonwa

Nawashukuru sana. Bwana Mifugo, umenigusa penyewe: wawili kati ya wale sita walizaliwa usiku, nikawakuta asubuhi wamelala pembeni, wala sijui kama walinyonya. Kuanzia sasa majike yenye mimba kubwa yatalala karibu na nyumba.

Nimepanda ekari moja ya karanga mwaka huu, kwa hiyo nitafuata tarehe za Mama Haubi na nusu ya majani nitaiweka akiba. Limebaki tatizo moja. Hata nikimfungia beberu wangu, mbuzi wangu wanakutana na mabeberu ya kijiji kizima pale lambo, na siwezi kuwaagiza watu wafunge mifugo yao.

Tena kondoo: je, nao nifanye vivyo hivyo, au niwaache kwa kuwa wamestahimili?

Bwana Mifugo Mstaafu

Kondoo wako wamesaidiwa na mkia. Yale mafuta ni ghala lao la kiangazi. Lakini ghala nalo huisha, kwa hiyo wapangie tarehe zile zile. Ukiwanunulia madini ya kulamba, usiwape yale ya ng'ombe, kwa sababu shaba iliyomo humdhuru kondoo.

Babu wa Kongwa

Kuhusu lambo, badilisha saa. Huku kwetu makundi mengi hufika kunywa saa sita hadi saa nane. Mimi nawapeleka wangu saa kumi, wenzangu wakishaondoka. Jike linalotikisa mkia na kulia ovyo libaki nyumbani siku mbili, lipelekewe maji kwa ndoo.

Beberu wako mwenyewe, kama huna banda la pili la kumtenga, mfunge ngozi ngumu au kipande cha turubai tumboni, mbele ya uume, ining'inie kama aproni. Wamasai hufanya hivyo kwa madume ya kondoo. Ataenda machungani na wenzake bila madhara. Ila mfungue kila jioni na kumlaza peke yake, maana mkojo ukilowesha ngozi usiku kucha, asubuhi utakuta vidonda.