Akaunti moja au mbili? Mimi ni muuguzi, na naandika mashairi ya mapenzi

Zamu ya Usiku:
Wakuu, naomba mawazo yenu. Ni muuguzi wodi ya wazazi. Nje ya kazi naandika mashairi ya mapenzi na kuyaweka Instagram, kwa jina langu kamili na sura yangu. Juzi mama niliyemzalisha kanitumia ombi la urafiki Facebook, na msimamizi wangu naye kaweka moyo kwenye shairi lenye maneno ya chumbani. Mashairi siyaonei haya hata kidogo. Ila sitaki mgonjwa anayesikia uchungu anitazame huku anakumbuka beti zangu. Nifungue akaunti ya pili au nipunguze makali?

Bin Kalamu:
Usipunguze chochote, dada. Ifanye ya faragha, basi.

Mwalimu wa Zamu:
Faragha peke yake haitoshi, mfuasi mmoja akipiga skrinshoti limeshatoka. Mimi nafundisha na jioni napiga gitaa, kwa hiyo haya nayaishi.

Akaunti uliyonayo iachie mashairi, maana wafuasi wako wako huko. Badili jina liwe la kalamu, ondoa sura, waondoe watu wa kazini kwenye wafuasi. Kisha fungua mpya ya jina lako halisi. Wengi hukwama kwenye namba ya simu. Mitandao hii hupendekeza watu kwa kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, hivyo mgonjwa mwenye namba yako anaweza kuletewa mshairi bila hata kumtafuta. Ya mashairi ipe barua pepe yake, ondoa namba, zima usawazishaji wa majina. Na kabla ya kuchapisha, tazama juu uone uko akaunti ipi. Instagram inakuruhusu kuhama moja hadi nyingine bila kutoka, kidole kinateleza upesi sana.

Facebook ni habari nyingine, kanuni zao ni akaunti moja kwa mtu. Huko kuna mpangilio unaogeuza machapisho yote ya zamani yaonekane na marafiki tu, kwa mkupuo mmoja.

Zamu ya Usiku:
Na yule mama? Nikimkatalia si ataumia?

Mkunga Mkongwe:
Usimkubali, mwanangu. Siku akirudi kliniki mchangamkie, umuulize mtoto anaendeleaje. Hapo hawezi kukuona una maringo. Linalonitia hofu zaidi ni mashairi yenyewe. Usiandike juu ya uzazi wowote ulioushuhudia, hata ukificha jina. Ukisema mvua, usiku wa manane na pacha wa pili aliyechelewa, mama yake atajijua kwenye mstari wa kwanza, na majirani zake pia. Jina la kalamu linakuficha wewe, yeye halimfichi.

Zamu ya Usiku:
Bibi, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Lipo moja la pacha kwenye rasimu. Nalifuta sasa hivi.

Mwalimu wa Zamu:
Msimamizi usimwondoe kimyakimya lakini. Mwambie kwanza.