Siku tatu Rungwe baada ya Krismasi: Ngosi, Daraja la Mungu, Masoko na Kitulo zinaingia?

Safari_ya_Kusini

Wakuu, habari za humu. Tunashuka Mbeya tarehe 27 Desemba: mimi, mama mzazi (miaka 64, magoti humsumbua kwenye mteremko) na watoto wawili, wa darasa la tano na la saba. Hatuna gari. Tunataka Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na Kijungu, maua ya Kitulo, boma la Wajerumani Masoko, na muda ukiruhusu Kimondo cha Mbozi. Siku tatu zinatosha? Na tulale Mbeya au Tukuyu?

Mwanjelwa_Juu

Laleni Tukuyu. Kutoka Mbeya ni kama kilometa 70 za lami, na Coaster za Tukuyu na Kyela zinapakia stendi ya Nanenane tangu alfajiri. Mkilala Mbeya mtakuwa mnaikwea na kuishuka milima ya Uporoto kila siku, na karibu vyote mnavyovitaka viko upande huo.

Kimondo kifute. Si kwamba hakifai, ni pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, lakini liko Mbozi, kwenye barabara ya Tunduma, kinyume kabisa na mnakokwenda. Litakula siku yenu nzima.

Daraja la Mungu na Kijungu vinakwenda pamoja, vyote viko kwenye Mto Kiwira. Daraja ni upinde wa mwamba wa volkano, mto unapita chini yake. Kijungu, mto unabanwa kwenye mwamba, unamwagika kwenye shimo la mviringo na kuzama chini ya jiwe, kisha unatokea mbele. Mwezi wa kumi na mbili maji yamejaa na yana rangi ya udongo, kwa hiyo ni kishindo hasa. Ila hakuna fensi ya maana, na mwamba wa ukingoni una ukungu wa kijani unaoteleza kuliko sabuni. Watoto washikwe mkono, na asiwepo wa kurudi nyuma ili apate picha nzuri.

Kijungu kiko ndani ya eneo la Magereza. Getini mnaandikishwa, kwa hiyo watu wazima wawe na vitambulisho, na msipige picha majengo wala askari.

Usafiri: kwa watu wanne msihangaike na bodaboda, kodini Noah Tukuyu mjini kwa siku nzima. Mkitaja bei, tajeni kwa mkupuo mmoja "kwenda, kusubiri na kurudi". Mkikubaliana ya kwenda tu, huko ndani hamtapata gari la kurudi, na dereva anajua hilo.

Kisa_cha_Ngosi

Niongeze la Ngosi, maana ndilo linalowaangusha wengi.

Mwambie konda awashushe njia panda ya Mchangani, ipo kati ya Uyole na Tukuyu. Kutoka lami hadi msitu unapoanza ni kama kilometa 7 za vumbi, mwezi huo tope. Hapo boda zinafaa. Kisha ni miguu: mwanzo mnapita mianzi na miti mikubwa, njia imelala. Karibu na ukingo inasimama, na hapo mnashika mizizi. Mtu mzima mwenye afya anatumia saa moja na kitu, na watoto hesabuni mbili. Kilele cha ukingo kiko karibu meta 2,620 na maji yako chini kwenye meta 2,060 hivi, kwa hiyo mnachokwenda kukiona ni ziwa lililo mbali chini ya miguu yenu, na kulifikia ni habari nyingine. Kuna wanaoshuka hadi majini. Msithubutu na watoto wakati wa mvua. Udongo ule ukilowa haushiki kiatu, na kupanda tena ni mikono na magoti.

Ukungu ndio adui. Asubuhi ziwa liko wazi, lakini kufika saa tano mara nyingi limefunikwa, na ukifika juu unapiga picha ya weupe mtupu. Anzeni kupanda saa moja asubuhi, maana yake mmetoka Tukuyu saa kumi na moja. Koti la mvua, siyo mwavuli. Viatu vyenye meno, raba za mjini hazifai.

Kiingilio ni cha TFS (Wakala wa Misitu), kwa kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Mtandao msituni hukatika, kwa hiyo ombeni namba na mlipe mkiwa bado barabara kuu. Mbebe kitambulisho cha taifa (NIDA), bei ya Mtanzania na ya mgeni hazifanani hata kidogo.

Safari_ya_Kusini

Asante sana. Na mama? Anasema atapanda taratibu.

Kisa_cha_Ngosi

Kupanda atapanda, ndugu yangu. Shida ni kushuka: mteremko wote unaangukia magotini, na katikati hakuna boda ya kumwokoa. Mimi nisingempeleka. Akiamua mwenyewe, apewe fimbo mbili, na mtu mzima mmoja awe wa kwake peke yake. Sasa watoto nani atawashika?

Bibi_Masoko

Shikamoo kwa mama. Huyo mlete Masoko, kwani naye anataka kuona ziwa la kreta, sivyo? Masoko nalo ni shimo la volkano lililojaa maji, dogo kuliko Ngosi, ila gari linafika ukingoni. Ni kusini mashariki mwa Tukuyu, mwendo wa chini ya saa moja njia ikiwa kavu. Boma la Wajerumani liko palepale juu ya ziwa, kuta nene za mawe, na baadaye lilitumika kama mahakama ya mwanzo. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia ndani.

Mtasimuliwa kwamba Wajerumani walipokimbia Waingereza kwenye Vita ya Kwanza walitupa fedha na silaha ziwani, na atatokea wa kuwauzia sarafu za heller, fedha za enzi za Wajerumani. Zitazameni, msinunue. Vitu vya kale vina sheria yake tangu mwaka 1964, na kama kuna ndugu wa kuzibeba nje ya nchi bila kibali atajikuta pabaya.

Jambo moja halisemwi sana. Pande za Kyejo na Ikama gesi ya kabonidayoksaidi hutoka ardhini, hata kuna kiwanda kinaivuna. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia mabondeni na kumkosesha pumzi anayeshuka humo. Mkiona kibonde chenye wadudu au ndege waliokufa, msishuke, na watoto wasichungulie.

Mwanjelwa_Juu

Bado Kitulo. Maua huchanua kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo mwisho wa mwezi yameanza ila hayajafurika. Hifadhi ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea hasa, msitegemee tembo. Nyie ingilieni Isyonje, iko njiani mkitoka Uyole. Ile ya Chimala yenye kona "hamsini na saba" ni tamu, lakini si ya magoti wala ya matumbo ya watoto. Kodini gari la four-wheel, mvua ya mchana ikipiga Noah inalala. Huku malipo ni ya TANAPA (Hifadhi za Taifa), si TFS, na getini hawapokei fedha taslimu. Uwanda uko juu ya meta 2,600: masweta kwa wote. Okidi msizing'oe hata moja, tayari viazi vyake vinachimbwa sana kupelekwa Zambia kwa chakula.

Ningepanga hivi. Tarehe 28 Kitulo, kwa kuwa bado mna nguvu na mnaweza kuondoka Mbeya moja kwa moja, jioni mnashukia Tukuyu. Tarehe 29 Ngosi asubuhi, mama apumzike mjini, na mchana msipange kitu. Tarehe 30 Kijungu na Daraja asubuhi, Masoko baada ya chakula. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia 29, geuzeni hizo mbili za mwisho, na boda wa Mchangani mpigieni usiku uleule, asije akawangoja bure saa kumi na mbili.