Tupeane uzoefu: Kushuka Pwani Machi na Aprili kutazama ndege wanaorudi kaskazini

UyoleJuu
Wakuu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songea, ikifika Machi maswali huwa yaleyale: twende lini, wapi, na vifaa gani. Kila anayejua kipande chake akiweke hapa kwa vipimo. Habari za gari kukwama mlima Kitonga tuziache kwa siku nyingine.

Naanza na tarehe. Ndege wa matopeni waliofika kwetu kuanzia Agosti na Septemba hubadili manyoya Machi, kutoka kijivu kwenda rangi za kuzalia, na wengi huondoka Aprili. Muda mzuri ni wiki ya tatu ya Machi hadi kama Aprili 20. Februari wengi bado ni wa kijivu na utaumiza kichwa kuwatenganisha. Mei nako utakuta wa kijivu, ila hao wengi ni wachanga wa mwaka uliopita ambao hawaendi kuzaa msimu wao wa kwanza. Ndiyo maana mtu anayechelewa husema "mwaka huu hawakubadilika". Waliobadilika wameshaondoka.

Mtu wa Mafinga
Nyongeza kwa mkuu hapo juu: kalenda ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni maji, na hapa ndipo sisi wa milimani tunapoharibu safari.

Maji yakipwa, yaani yakishuka, ndege hutawanyika kwenye tope hadi mbali sana, wanakula. Utaona vidoto. Maji yakijaa yanafunika tope, nao wanalazimika kukusanyika mahali pachache pakavu: fungu la mchanga, ukingo wa mabwawa ya chumvi, uwazi nyuma ya mikoko. Hapo ndipo unapowataka. Fika mapema, muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, kaa, waache waje wenyewe. Ukifika maji yameshajaa, utawarusha wote wakati unatafuta pa kukaa.

Sasa, kuna bamvua, yaani siku za maji makubwa, na kuna maji mafu, siku za maji madogo. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mafu huja baada ya nusu mwezi, hayafuniki tope lote, kwa hiyo ndege hawana sababu ya kukusogelea.

Na pwani yetu ina bahati moja. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri. Fukwe zetu nyingi zinatazama mashariki, maana yake alasiri jua liko mgongoni mwako na ndege wako mbele wamewaka. Siku za maji mafu yanajaa katikati ya asubuhi, jua bado liko upande wa bahari, na unaona vivuli tu.

Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Chukua jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, soma bandari iliyo karibu na unakokwenda. La Dar usilitumie Mtwara bila kuangalia.

Dada wa Njombe
Kaka wa Mafinga, na Pasaka je? Maana wengi likizo yetu ni hiyo.

Mtu wa Mafinga
Swali zuri, dada. Pasaka hufuata mwezi mpevu, lakini inaweza kuangukia siku moja baada yake au hata siku saba. Kwa mfano mwaka 2026 mwezi mpevu ulikuwa Aprili 2 na Pasaka Aprili 5, bamvua safi. Mwaka 2027 mwezi mpevu ni Machi 22 na Pasaka Machi 28: maji yameshaanza kufa. Mwaka huo afadhali usubiri mwezi mwandamo wa Aprili 6 kuamkia 7, uanze na sikukuu ya Karume, ukae hadi tarehe 9. Ndege nao watakuwa wamebadilika zaidi.

Kitonga Chini
Wapi. Nitakuwa mfupi kwa Dar kwa sababu kila mtu anaijua: mabwawa ya chumvi ya Kunduchi. Kutoka Iringa ni kama kilomita 500, Mbeya zaidi ya 800. Ukishuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi huna haja ya kuingia mjini, kata kupitia Goba. Omba ruhusa kwa mwenye bwawa, tembea kwenye kingo, usikanyage vitalu vya chumvi.

Kitu kinachoharibu Kunduchi ni masika. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni, wanahitaji maji yasiyofika magotini mwao, yaani sentimita 2 au 3. Mvua ikipiga siku nne mfululizo mabwawa yanajaa, kina kinaongezeka, wanahama. Wakibaki wenye miguu mirefu na heroe (flamingo) usishangae. Kwa hiyo kama Aprili imeanza kwa mvua kubwa, achana na mabwawa, tafuta fungu la mchanga.

Delta ya Rufiji ni kitu kingine kabisa. Unaingilia Nyamisati, unahitaji boti, na mwenye boti ndiye anayejua mkondo gani una maji saa ngapi. Ondoka maji yakiwa yanapanda. Ukiondoka yanaposhuka na mkakosa mkondo, mtakaa juu ya tope hadi yarudi, saa kadhaa, juani. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu, jaketi la kuokolea kwa kila mtu bila mjadala.

Songea-Masasi
Msiwasahau wa kusini. Mtu wa Njombe au Songea hana sababu ya kuzunguka Dar. Lami ipo Songea, Tunduru, Masasi hadi Mtwara. Ni zaidi ya kilomita 600, ipangie siku mbili, lala Tunduru au Masasi. Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu 2000, kwa hiyo kuna kiingilio. Huko unamtafuta mla kaa, Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi kama patasi. Mwezi Aprili wakubwa huanza kuondoka kwenda kuzaa Somalia na Uarabuni, kwa hiyo kwa huyu Machi ni bora kuliko Aprili.

Ni karibu na mpaka wa Msumbiji. Anza ofisi ya kijiji, saini kitabu cha wageni, eleza darubini ni ya nini. Mtu mgeni mwenye lenzi ndefu anayekodolea bahari ataulizwa, na ana haki ya kuulizwa. Usielekeze lenzi bandarini wala kwenye kambi yoyote.

Fundi Lenzi, Iringa
Vifaa. Darubini ya mkono 8x42 (inakuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) inatosha kwa asilimia kubwa ya kazi. 10x inatikisika kwenye upepo wa bahari. Teleskopu ya kukuza mara 20 hadi 60 ni nzuri, lakini kuanzia saa 4 asubuhi joto linapanda kutoka kwenye mchanga na picha inachemka. Ukiongeza ukuzaji unaongeza mchemko tu. Rudi 25 au 30.

Chumvi ndiyo muuaji. Ile pazia nyeupe kwenye kioo jioni ni punje za chumvi. Ukifuta kavu na fulana unachora mikwaruzo ambayo haitoki. Puliza kwanza, kisha dondoshea maji ya kunywa yasiyo na chumvi, ndipo upitishe kitambaa laini bila kukandamiza.

Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha begi limefungwa dakika 30 nje kabla ya kufungua. Vinginevyo kioo kinaloa, na unyevu ukiingia ndani ya darubini isiyozibwa vizuri unaota ukungu ukirudi nayo baridi ya Mafinga.

Dada wa Njombe
Naongeza chandarua na ushauri wa dawa. Sisi wa Makete na Njombe malaria kwetu ni kidogo, miili haijazoea. Lindi na Mtwara siyo pa kujaribu. Viatu ni raba za kufunga kamba, siyo ndala: tope linavuta ndala, na miba ya bahari haichagui.

Kipengere
Mimi nina neno la upinzani kidogo. Kabla hamjashuka, angalieni juu. Machi hiyohiyo mbayuwayu wanajipanga kwenye nyaya za umeme, na mbayuwayu buluu (Hirundo atrocaerulea) bado yuko Kitulo hadi karibu Aprili, kisha huelekea upande wa Ziwa Victoria. Siku moja Kitulo njiani haiharibu ratiba, ila kona 57 za kutoka Chimala siyo za gari dogo mvua ikinyesha. Zunguka kwa barabara ya Isyonje.

UyoleJuu
Sawa Kipengere, ila bamvua haisubiri. Kitulo iwe wakati wa kurudi.

Kuhusu kutambua: anzeni na mmoja mpaka mmzoee. Calidris ferruginea, aina ya kitwitwi, ni mzuri kwa kazi hiyo. Mdomo umepinda chini, kiuno cheupe akiruka, na Aprili kifua kinakuwa chekundu cha tofali. Katikati ya Machi utamkuta na mabaka, wekundu umechipuka kwenye kijivu kama kutu kwenye bati. Ukimjua huyo, wengine wapime kwake: mkubwa au mdogo, mdomo mrefu au mfupi. Sululu (Numenius phaeopus) hakupi shida, ana michirizi kichwani na mdomo mrefu uliopinda.

Mtu wa Mafinga
Umbali. Ndege mdogo hapo anajaza mafuta ya safari ya hadi Siberia. Anaweza kuongeza nusu ya uzito wake. Kila mkimrusha anachoma akiba. Mita 100 ni nzuri kuanzia. Wakiacha kula na kuinua vichwa pamoja, simama. Wakianza kutembea kukukimbia, umeshazidisha, rudi hatua kumi na ukae chini.

Songea-Masasi
Ukiona pete ya rangi au kibendera mguuni (alama za watafiti), andika kwanza, piga picha baadaye: mguu wa kulia au kushoto kwa ndege mwenyewe, juu au chini ya goti, rangi kwa mpangilio kutoka juu, herufi kama zinasomeka. "Pete nyekundu" peke yake haimsaidii mtu.