Kusafisha mikanda ya mionzi kwa redio: mnaonaje?

Wakuu, naleta hili. Kuna wanaotaka mitambo ya redio ya masafa ya chini sana itumike kupukutisha elektroni zilizonaswa kwenye mikanda ya Van Allen (ile mikanda ya mionzi inayoizunguka Dunia) zidondoke hewani, ili siku bomu la nyuklia likilipuliwa angani satelaiti zisalimike. Hofu yao ina msingi. Julai 9, 1962, Marekani ililipua bomu la nyuklia, jaribio la Starfish Prime, kilomita 400 hivi juu ya Pasifiki; elektroni zikajaa, na satelaiti ya mawasiliano Telstar, iliyorushwa kesho yake, ikaja kuharibiwa na mionzi.

Mimi napinga, kwa sasa. Sababu yangu iko kwenye kituo cha utafiti cha Siple, Antaktika. Kati ya 1973 na 1988 kundi la Robert Helliwell wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitandaza antena ya kilomita 21 juu ya barafu, baadaye 42, likawa linarusha milio ya kilohezi chache. Mlio ulifuata mstari wa sumaku ya Dunia ukashukia Roberval, Quebec, ambako wenzao walikuwa wametega masikio. Ulianza hafifu, ukavimba hadi mara elfu moja kwa nguvu, kisha ukaota mkia: fiiiuuu! Sauti inayopanda, ya masafa ambayo hakuna aliyeyatuma.

Elektroni huzunguka ule mstari wa sumaku. Zile zinazokuja kinyume na wimbi, mzunguko wao ukioana nalo, hushika hatua moja kama wacheza ngoma walioupata mdundo. Hapo zinageuka antena zenyewe: wimbi lao linalinenepesha la kwanza, nalo linavuta elektroni nyingine kwenye hatua. Na kuna kizingiti. Chini yake, kimya. Ukikivuka, moto umewaka na aliyeuwasha hana mkono juu yake.

— Mkuu, umechelewa. Mitambo ya kuwasiliana na nyambizi inapukutisha elektroni miaka yote. Mmoja wao, NWC kule Australia, kilohezi 19.8, ulinaswa ukifanya hivyo na satelaiti ya Kifaransa, DEMETER. Halafu huo moto hauwaki kwa wimbi lolote tu. Hao hao wa Siple walituma mlio uliovurugwa ukawa kama kelele, haukukua. Wimbi lisilo safi halipangi elektroni.

— Kwenye kelele umenibana, nakubali. Lakini NWC inadondosha punje. Hawa wanataka kumwaga gunia zima kwa siku chache. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walipiga hesabu wakaona mvua ya elektroni ya namna hiyo inaweza kuvuruga ionosfia (tabaka la juu la hewa linalorudisha mawimbi ya redio chini), na pamoja nayo mawasiliano ya mawimbi mafupi ya ndege na meli. Mwenye satelaiti anapona, rubani aliye katikati ya bahari anapoteza redio. Huyo rubani nani alimuuliza?

(Wenye hoja za HAARP, ule mtambo wa redio wa Alaska, na matetemeko ya ardhi, tafadhali fungueni uzi wenu.)