Kavita, Komga au Calibre-Web kwa maktaba ya nyumbani?

mwana_tudor
Salaam aleikum jamaa. Diski yangu ina riwaya za EPUB (faili za vitabu vya kielektroniki), PDF za shule za watoto, na tenzi za marehemu babu kwa herufi za Kiarabu, nimeziskani ukurasa baada ya ukurasa. Nataka kila mtu nyumbani asome kwa simu yake. Mashine ni Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo, ya RAM 4GB. Kati ya hizo programu tatu za kusomea vitabu kupitia mtandao wa nyumbani, niweke ipi?

fundi_kongowea
Calibre-Web. Ila haisimami peke yake: inataka metadata.db, yaani faili ya orodha ya vitabu, ya Calibre yenyewe, ile programu ya kupanga vitabu kwenye kompyuta, kwa hivyo lazima uvipange vitabu huko kwanza. Inachosha, lakini ukimaliza, waandishi na majalada yamekaa sawa. Nenosiri lake la mwanzo, admin123, dunia nzima inalijua. Libadilishe hapo hapo.

binti_likoni
Mimi Calibre ilinishinda kwa kunakili kila kitabu kwenye folda zake. Diski ndogo, kitabu kimoja mara mbili! Kavita na Komga zinasoma faili pale pale zilipo.

fundi_kongowea
Kweli dada, lakini Kavita nayo inataka kila mfululizo uwe na folda yake. Ukirundika ovyo utaona mauzauza.

mzee_wa_seva
Mwanangu, wanakujibu habari za riwaya na wewe una tenzi. Kitabu cha herufi za Kiarabu hufunuliwa kutoka kulia. Kavita na Komga zilianza na katuni, zikiwemo za Kijapani ambazo pia husomwa hivyo, basi mpangilio huo zinao. Zipe picha majina 001, 002, zifunge kwa zip, kisha geuza .zip iwe .cbz, aina ya faili ya katuni. Komga inaendeshwa kwa Java, inapenda RAM (kumbukumbu ya kazi). Kwa Pi yako ningeweka Kavita.

mwana_tudor
Shukran mzee. Na stima zikipotea?

fundi_kongowea
UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya Pi na rauta. Hifadhidata ya programu, aina ya SQLite, iweke kwenye diski ya SSD, sio kadi ya SD, wala folda ya mtandao. Huko huweza kuharibika. Na hizo picha za asili weka nakala kwa ndugu mwingine, nyumba nyingine.

mwana_tudor
Kavita basi, naanza na tenzi. Itaweza kutafuta neno ndani ya kurasa?

mzee_wa_seva
Haiwezi, hizo ni picha. Jina la mtunzi na maelezo yaandike kwenye ComicInfo.xml, faili ndogo ya maandishi, ndani ya ile .cbz, hayo inayasoma.