Je, mahojiano ya kuamsha ari yanamfaa msimamizi kazini?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninasimamia wafanyakazi ambao wametakiwa kuandika taarifa mwishoni mwa kila zamu. Mmoja wao, mtu hodari sana, kila nikimweleza faida zake hunijibu "ndiyo, lakini", nami huongeza sababu nyingine bila mafanikio. Je, mahojiano ya kuamsha ari, yaani mazungumzo ya kumsaidia mtu anayesitasita ataje mwenyewe sababu zake za kubadilika, yanaweza kunisaidia?

Jibu la kwanza
Yanaweza, ila itakubidi kwanza uache kuyatetea mabadiliko. Mwanasaikolojia William Miller aliieleza njia hii mwaka 1983 kutokana na kazi yake na watu wenye tatizo la pombe. Mtu anayesitasita huwa tayari ana sababu za pande zote mbili, kwa hiyo ukiushika upande mmoja yeye huushika ule mwingine, na kadiri anavyoutetea ndivyo anavyozidi kuuamini. Muulize taarifa hizo zina umuhimu gani kwake, kwa kipimo cha 0 hadi 10. Akisema 4, usimuulize kwa nini si 9, maana atakutajia vikwazo tu. Muulize kwa nini hakusema 1. Hapo sababu za kubadilika zitatoka kinywani mwake mwenyewe. Kisha mrudishie ulichokielewa, kwa mfano: "Unaona zingemsaidia anayekupokea zamu, lakini saa hiyo umekwisha kuchoka." Halafu nyamaza umsikilize, kwa maoni yangu, hapo ndipo wasimamizi wengi hushindwa.

Jibu la pili
Ningeongeza suala la mamlaka. Wewe si mshauri nasaha wake. Ndiwe unayemwandikia tathmini, naye analijua hilo katika kila neno analokujibu. Ikiwa uamuzi umekwisha kupitishwa, usimuulize kana kwamba ana hiari ya kukataa. Mweleze waziwazi lisilojadiliwa, kisha mazungumzo yahusu yaliyo mikononi mwake: aandike saa ngapi, kwa mtindo gani, apunguziwe kazi ipi. Miller na mwenzake Stephen Rollnick wanasisitiza ushirikiano na kuheshimu uhuru wa mtu, na pasipo hayo maswali haya hugeuka hila.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Je, akisema fomu yenyewe ni ndefu mno, na ni kweli?

Jibu la kwanza
Basi mkubalie, umuulize angeondoa sehemu zipi, na upeleke mapendekezo yake kwa walioitunga fomu hiyo kabla hujamwomba tena aijaze.